Dada Yake Malkia wa Sindano

Jumapili, 3 Machi

Mke wa mwanangu ameniambia niandike humu chochote nitakacho, hakuna atakayesoma mpaka niruhusu mwenyewe. Nikamwuliza, hata wewe? Akasema hata yeye. Nikamwuliza, hata hao walioitengeneza hii programu? Akacheka, akasema hao hawajui hata kama niko duniani. Haya. Nitaandika. Nikigundua mtu amechungulia nitajua ni nani, maana nyumba hii tuko wawili tu wa kusoma, na mjukuu bado anashika kitabu juu chini.

Chenyewe ni kisanduku cheusi juu ya friji, hakifiki hata kopo la biskuti, kina taa ya kijani. Ndani yake, anasema, mna ukurasa wa ukoo wetu. Tunawekeana picha, salamu na video, na kila mtu ana chumba chake cha siri kama hiki, na ufunguo anao mwenyewe. Mimi naita kibanda. Mwanangu yuko barabarani na lori, hutusalimia humo. Mke wake anatunza kompyuta za chuo kutwa, akirudi nyumbani anatunza nyingine. Kama ni akili au ni maradhi, sijui.

Mvua imeanza leo. Nguo za wateja nimeziwahi kamba ikiwa bado kavu.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Nimeshona sketi za shule. Mguu unauma.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja mteja mpya, mwalimu wa chekechea. Amevua viatu mlangoni, nikampenda. Kisha akatoa simu akaniharibia siku. Anataka gauni kama lile. Natazama, gauni lenyewe limevaliwa na mdogo wangu, tumbo moja ziwa moja, anajigeuzageuza mbele ya kamera kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Wewe si ndiye dada yake Malkia wa Sindano?"

Malkia. Ndilo jina alilojipa huko kwenye mtandao mkubwa, ule ambao kila mtu yumo mpaka muuza mkaa. Anakaa mitaa miwili kutoka hapa, lakini watu wa ng'ambo wanamjua kuliko jirani zake. Mimi nilimfundisha kutunga uzi alipokuwa hana meno ya mbele. Nikimwambia mtu hivyo ananitazama kama nadai nimeujenga mlima.

Nimelitazama lile gauni tena baada ya mwalimu kuondoka. Kola imepinda. Na bitana ameibandika kwa gundi, chupa yake naiona pembeni mwa meza, amesahau kuificha. Mama yetu angemchapa. Mama alikuwa anaacha kitambaa cha kutosha ndani ya kila mshono, kisha anamwambia mteja, hii ni yako, ukinenepa mpelekee fundi yeyote aifumue, si lazima urudi kwangu. Sasa nguo ya gundi nani ataifumua?

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwomba mke wa mwanangu achukue video zote za mdogo wangu, za zamani na za sasa, aniwekee humu chumbani kwangu. Nataka ushahidi wa gundi. Nataka siku moja niziweke mezani nimwambie, haya, eleza.

Hayo sikumwambia. Nimemwambia nataka kumfanyia mdogo wangu zawadi ya kumbukumbu, asimwambie, nitamshangaza siku yake ya kuzaliwa mwezi wa tano. Macho yakamlowa. Akasema, "Mama, hilo ni wazo zuri sana. Watu hudhani vitu vyao viko salama kule." Akafanya kazi hiyo jioni nzima.

Nikajisikia vibaya kidogo. Kisha nikala, ikapita.

Jumatano, 13 Machi

Nimeweka picha kwenye kibanda, koti la mtoto nililotia zipu kwa mkono. Mke wa mwanangu amelipenda. Mwanangu amelipenda. Shemeji yangu wa kijijini amelipenda, naye hupenda hata picha ya ndoo. Basi.

Nikamwuliza mke wa mwanangu watu wengine wako wapi. Akasema watu ni sisi. Akanieleza tena habari ya programu huru, kwamba walioiandika wameiacha wazi, anayejua anaweza kuifungua ndani akaona ilivyoshonwa, akatengua, akapunguza, akampa mwenzake. Na kwamba kibanda chetu kinaweza kupelekeana salamu na vibanda vya watu wengine, kila kimoja na mwenyewe. Nikamwambia, binti yangu, nisikilize hapo. Mimi nina koti lenye zipu ya mkono na mpenzi wangu mkubwa ni shemeji.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kutwa. Hakuna mteja.

Jumanne, 19 Machi

Leo nitaandika mengi, kidole kisinilaumu.

Yule mwalimu wa chekechea alikuja kuchukua gauni lake. Nimemtilia kola ya mama, ile inayolala begani kama jani, mama aliikata kwanza na mimi nikaipunguza shingoni ikakaa vizuri zaidi. Miaka yangu yote naikata hiyo kola. Akajitazama kwenye kioo, akafurahi, akasema, "Umemuiga mdogo wako vizuri sana."

Nikamwuliza, nani kamuiga nani?

Akanionyesha. Mdogo wangu ameweka video asubuhi ya leo. Kola ni ile ile. Kidole chake chenye rangi kinapita juu yake polepole, na sauti yake laini, ile sauti aliyoirithi kwa mama mimi nikarithi magoti, inasema, "Huu ni mtindo wangu mwenyewe, wapendwa." Chini watu wanamwagia mioyo. Mmoja ameandika kwamba mikono hiyo imebarikiwa.

Mwalimu alipoondoka nilikaa na simu. Ninayo nafasi kwenye ule mtandao, kijana wa duka la vitambaa alinifungulia zamani nikawa naitumia kuchungulia tu. Kwenye pembe ya kila video kuna vitone. Ukivibonyeza unaulizwa kama unataka kuripoti, na kwa sababu gani. Wamekupangia sababu kama bei za samaki. Nikasoma moja moja. Kuna moja inasema, anajifanya mtu mwingine.

Nikasema ndiyo. Anajifanya mimi.

Nikabonyeza. Nikaenda video inayofuata nikabonyeza. Mvua inapiga bati, chai inapoa, mimi nabonyeza kama mtu anayechambua mchele. Sikuzitazama, nilibonyeza tu, za gundi na zisizo na gundi. Niliona hata ile ya zamani ambayo mama amekaa naye kwenye kochi la kijani. Hiyo sijawahi kuitazama ikaisha. Naona tu mama alivyomwegemea, nafunga. Nayo nikaibonyeza.

Jumatano, 20 Machi

Hakuna kilichotokea. Nimeshona vifungo kwenye mashati ya walinzi.

Ijumaa, 22 Machi

Mke wa mwanangu amerudi kazini amekunja uso. Akaunti ya Mama mdogo imefungwa, anasema. Ukiitafuta ni kama hajawahi kuzaliwa.

Nikauliza kwa sababu gani, sauti yangu ikatoka nzuri tu. Akasema kule mara nyingi hakuna mtu anayekaa akasikiliza kesi. Ni mashine. Inaona lawama nyingi zimefika kwa mpigo, inafunga mlango, basi.

Nimekula sahani mbili. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 23 Machi

Wateja wawili. Hakuna aliyetaja malkia.

Jumanne, 26 Machi

Mdogo wangu amekuja leo bila kupiga simu. Maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye viatu, na hakuwa na wanja. Sijamwona bila wanja tangu aolewe. Amekaa kwenye kiti cha wateja, hakuomba hata taulo.

Akanieleza yote. Alifungua simu asubuhi akakuta maandishi kwamba amekiuka kanuni. Kanuni gani, hawasemi. Ameandika kujieleza, akajibiwa maneno yale yale. Ameandika tena, yale yale. Wateja wake wote alikuwa anawapatia humo, vipimo vyao vilikuwa humo kwenye maongezi, kuna bibi harusi anangoja na kifua chake hakumbuki ni inchi ngapi. Amejaribu kufungua akaunti nyingine, nayo ikafungwa kabla hajaweka picha.

"Nimetafuta hata namba ya kupiga, hakuna. Nimetafuta ofisi, hakuna. Dada, hakuna mlango wa kugonga."

Mimi ni mimi. Nikamsema. Nikamwambia umekwenda kupanga kwa mtu usiyemjua sura, ukaingiza mpaka kitanda, hukuuliza mwenye nyumba ni nani wala siku akikutoa utabeba nini. Nikamwambia mke wa mwanangu alikuita zamani uingie kwenye kibanda chetu, ukasema kina watu wachache kama msiba wa mgeni. Alikuwa anaitikia tu kwa kichwa. Hajawahi kunikubalia mara nyingi hivyo kwa siku moja, nikaona raha, naandika ukweli.

Kisha akasema, "Wateja Mungu atanipa wengine. Lakini sauti ya mama imo humo."

Ile video ya kochi la kijani. Simu aliyorekodia ilizama kwenye ndoo ya kufulia mwaka ule ule mama alipofariki. Kule mtandaoni ndiko ilikobaki peke yake. Akaniambia kila asubuhi kabla ya kushika mkasi alikuwa anaifungua, anamsikia mama akimgombeza, ndiyo anaanza kazi. Sikujua. Nilidhani malkia huamka na kioo.

"Kuna mtu ameniripoti," akasema. "Nikimjua sitamfanya kitu. Nitamwuliza tu nilimkosea nini."

Nikainuka kwenda kuchemsha chai. Nimekaa jikoni mpaka maji yakakaribia kuisha kwenye birika. Kisanduku kiko pale juu ya friji, taa ya kijani inanitazama. Sauti ya mama imo ndani yake, kwenye chumba changu, imewekwa na ushahidi wa gundi. Ningeinua mkono tu.

Nikamletea chai. Nikampa na taulo.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Mashati.

Jumapili, 31 Machi

Mke wa mwanangu ameniuliza ile zawadi ya Mama mdogo nangoja nini. Nikamwambia siku yake bado. Akaendelea kukunja nguo za mtoto. Baadaye akasema, bila kunitazama, kwamba yeye hawezi kuitoa hata akitaka, kwa sababu chumba ni changu na ufunguo ni wangu. "Nilikupangia hivyo makusudi, Mama."

Nimemchukia kwa nusu saa. Mtu akikufungia kitu unaweza kumtukana. Huyu hajanifungia chochote.

Jumatano, 3 Aprili

Mtaani wameanza kuja kwangu wateja wake. Yule bibi harusi amekuja. Nimempima kifua. Nilipokuwa nikiota siku hii nilidhani ningekuwa naimba.

Ameniuliza hali ya mdogo wangu. Nikasema hajambo. Sijui kama hajambo, sijaenda.

Kwa nini sijampa? Nitaandika, si hakuna anayesoma. Sijampa kwa sababu tangu azaliwe, hii ni mara ya kwanza ninacho kitu ambacho yeye hana. Yeye alipewa uso. Alipewa sauti. Watu wanamkimbilia kama watoto kwa muuza barafu. Mama alipougua alichagua kukaa kwake, si kwangu, akasema kwangu kuna kelele za cherehani, kana kwamba kwake wanashona kwa pumzi. Sasa mama amerudi kukaa kwangu. Yuko juu ya friji. Naomba nami nikae naye kidogo.

Jumamosi, 6 Aprili

Radi. Umeme ulikatika nikashikwa na hofu kisanduku kisije kikafa. Mke wa mwanangu akasema ana nakala nyingine ofisini, imefungwa hata yeye haioni, nisiwe na wasiwasi. Nilikuwa na wasiwasi mpaka taa ya kijani iliporudi.

Jumatano, 10 Aprili

Leo nimeitazama mpaka mwisho.

Mama ameshika kitambaa cha bluu, kochi la kijani, miguu yake imevimba lakini anasema kama kawaida. Anamwambia mdogo wangu acha upindo, mtoto, acha upindo, huyu mwanamke atazaa. Mdogo wangu anacheka pembeni yake. Mama anakata kola, ile kola, mkasi unatetemeka. Anasita, anamwegemea mdogo wangu. Hapo ndipo huwa nafunga. Leo sikufunga.

Mama anasema, "Hapa shingoni mimi sipawezi. Dada yako ndiye anapaweza. Huyo anashona kutushinda sote wawili. Ila usimwambie, atavimba kichwa, na kile kichwa tayari ni kikubwa."

Wanacheka wote wawili. Ikaisha.

Mdogo wangu aliiweka kule dunia nzima isikie. Kila aliyeitazama alisikia, watu wa ng'ambo, muuza mkaa, pengine hata mwalimu wa chekechea. Mtu pekee ambaye hakusikia ni mimi, nilikuwa natafuta gundi. Na siku nilipoifikia tena niliibonyeza, anajifanya mtu mwingine.

Sikushona leo.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekuwa nikiwatukana wale wenye mtandao wao. Kwamba wamekalia vitu vya watu, hawana uso, hawana mlango. Lakini wale angalau hawamjui. Mimi namjua mpaka kovu la goti, najua alilipata wapi, nilimbeba mimi mgongoni siku hiyo. Na nimekalia vile vile.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekwenda kwake. Matope mpaka kwenye vifundo. Nimemwambia njoo nyumbani, usiulize.

Mke wa mwanangu alimpatia chumba chake kwenye kibanda, akamwambia achague neno la siri asilolisema mbele ya mtu, hata mbele yetu. Kisha mimi mwenyewe, kwa kidole changu, nikapeleka video zote kwake. Mke wa mwanangu akamwonyesha jinsi ya kuzihamishia kwenye simu na kwenye kile kijiti cha kuhifadhia, akamwambia siku ukituchoka unaondoka nazo zote, hutaomba ruhusa.

Mdogo wangu alifungua ya kochi la kijani. Mama aliposema acha upindo, akaweka simu kifuani akainama. Mjukuu akamuuliza, bibi mdogo, unaumwa tumbo? Alipotulia akanishika mikono yote miwili, akasema, "Dada, ulinikumbuka namna hii?"

Nikasema mm.

Nilimpa vitu vyake, naye akanishukuru kama nimempa vyangu. Na habari ya kuripoti ikabaki nyuma ya meno.

Jumatatu, 15 Aprili

Manyunyu. Mdogo wangu ananiletea maandazi, ananisifu kwa watu. Nitakufa.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia nywele zake zimekatika. Mara ya pili nikamwambia aache gundi. Kinywa changu kimezoea barabara moja tu.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwuliza mke wa mwanangu, mtu akitaka kumfungulia mwenzake chumba chake cha siri, asome yeye tu na si mwingine, anafanyaje. Akanionyesha. Kuna orodha ya ukoo wote, unachagua jina. Akaniuliza kama nina hakika, maana akishasoma amesoma. Hakuuliza kuna nini ndani. Huyu mtoto kalelewa.

Mdogo wangu, jina lako nimelichagua. Soma toka juu. Nilipokuita kuku sijafuta, nilipobonyeza sijafuta. Ulisema ukimjua utamwuliza tu alichokosewa. Hukunikosea kitu. Ulipendwa mbele yangu, na mimi nilikuwa na uzi mdomoni, sikuweza kusema.

Jumamosi, 20 Aprili

Kimya.

Jumapili, 21 Aprili

Kimya. Jua limetoka, nguo zimekauka, sina hamu nazo.

Jumatano, 24 Aprili

Amekuja leo asubuhi. Ana wanja. Hakusalimia. Amevuta kile kiti cha wateja, amekaa, amefungua mkoba akatoa lile gauni la gundi la kwenye video ya kwanza, akalitandika juu ya cherehani yangu.

"Ile kola haikupinda," akasema. "Nilikuwa nimeinamisha shingo."

Nikaitazama. Nikamwambia imepinda, upande wa kushoto. Akasema haikupinda. Nikachukua futi nikapima mbele ya macho yake. Imepinda kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Akasema mtu wa kumwambia hivyo alikuwa mitaa miwili kutoka kwake miaka yote, badala yake akawa anaambiwa na watu wa ng'ambo kwamba amebarikiwa.

Halafu akalia, na mimi nikalia, naandika hivyo hivyo. Akaniambia nilimwumiza, na kwamba hatanisamehe leo wala kesho, lakini keshokutwa ana nafasi. Nikamwambia na yeye aseme ile kola ya kulala begani ni ya nani. Akasema atasema. Tukaifumua bitana yake pamoja. Gundi haifumuki, inang'oka na kitambaa. Tumekata mpya.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zimekwisha. Ule mtandao mkubwa haujamjibu mpaka leo. Baadhi ya wateja wamemfuata kwa simu, wengi wamepotea moja kwa moja, na hilo ni mimi, hata akicheka najua ni mimi. Mke wa mwanangu ametuunganisha na mafundi wa vibanda vingine, wako wachache, wanauliza maswali ya maana.

Jana mdogo wangu ameweka video yake ya kwanza kwenye kibanda. Amesema, "Kola hii ni ya mama, na shingo yake ni ya dada yangu." Ukoo mzima umemwagia mioyo, mpaka mwanangu ameegesha lori akaandika maneno marefu. Na mimi niliweka yangu dakika chache baada yake, nakata kola ile ile, shingo inakaa kama imemwagwa.

Shemeji tu ndiye ameipenda. Mdogo wangu anasema niwe na subira, watu wanakula. Nimemwambia sina haja na mioyo ya watu. Nimetazama tena sasa hivi, bado ni shemeji.